DNA ya Mto Nairobi: nani yuko mle ndani, anaweza nini, na sahii anafanya nini

Machi 2018 maji taka yaliyochotwa Eastleigh yalipimwa yakapatikana na virusi vya polio, ile aina inayotokana na chanjo ya matone ikizunguka kati ya watu wasiochanjwa hadi ikabadilika, na wakati huo Nairobi hakuna mtoto aliyekuwa amepatikana amepooza kwa ajili yake. Mtaro uliongea mapema, chanjo ikapelekwa mitaani. Kwangu mimi hio ni mojawapo ya kazi za maana zaidi ambazo maji machafu yamewahi kutufanyia hapa mjini, na watu wengi hawajui hata kama ilifanyika.

Lakini angalia venye ilifanyika. Waliopima walijua wanamtafuta nani. Maji yanasafishwa, yanawekwa kwenye seli ambazo polio inapenda kukua ndani yake, ikikua wanasoma kipande cha jeni zake kuona ni aina gani na inahusiana na virusi vya wapi. Ukijua jina la unayemtafuta hii njia ni kali sana. Sasa kama hujui je? Maji yale yale yana maelfu ya aina za bakteria, kuna akea (viumbe vya seli moja vinavyofanana na bakteria kwa macho lakini ni kundi lingine), kuna kuvu, kuna virusi vinavyoshambulia bakteria, na wengi wao hawana hata jina. Hapo ndio inaingia metajenomiki, yaani kutoa DNA yote iliyo kwenye sampuli na kuisoma bila kukuza kiumbe chochote maabara, na hapo hapo ndio watu huanza kuchanganyikiwa, manake ukisikia kwa redio ati "wanasayansi wamepima DNA ya mto" hio sentensi moja inaweza kumaanisha vitu vitatu tofauti kabisa, vya bei tofauti na majibu tofauti. Nataka tuvitenganishe leo, juu nimechoka kuona matokeo ya aina moja yakisomwa kana kwamba ni ya aina nyingine.

Kwanza kwa nini watu waliacha kukuza. Kwa zaidi ya miaka mia moja kumjua bakteria kulimaanisha umkuze, unamwaga tone la maji kwa sahani yenye agari (ute mgumu wenye chakula cha bakteria), unaiweka kwa joto, kesho yake unahesabu madoa yaliyotokea. Shida ni kwamba ukichukua tone hilo hilo ukaliweka chini ya darubini unaona seli nyingi mno kuliko madoa. Kwa udongo na maji ya kawaida wanaokubali kukua kwa sahani ni kama asilimia 1, mara nyingi hata chini ya hapo, na mwaka 1985 James Staley na Allan Konopka wakaiandika hio tofauti kama jambo linalohitaji kutafutiwa jibu. Wale wengine hawajafa. Kuna wasiovumilia oksijeni, kuna wanaogawanyika polepole sana hadi sahani inakauka kabla hujaona chochote, na kuna wale ambao bila jirani wa aina nyingine wa kuwapa vitamini ama kuwaondolea taka hawaishi.

Mfano ninaoupenda ni huu. Mwaka 2015 watafiti walisoma DNA kutoka kwa tope la chini ya bahari kati ya Greenland na Norway wakakuta akea ambaye hakuna mtu aliyewahi kumwona, wakamwita Lokiarchaeota, na jeni zake zinaonyesha ni jamaa wa karibu wa seli zetu sisi, mimea na wanyama. Walikuwa na jenomu tu, yaani DNA yote ya kiumbe, kiumbe chenyewe hawana. Mwaka 2020 ndio timu ya Japani ikachapisha kwamba imefaulu kumkuza jamaa wa kundi hilo, baada ya kazi ya zaidi ya miaka 10, na ikagundulika anachukua kama wiki mbili hadi tatu kujigawanya na hawezi kuishi bila wenzake wanaotengeneza methani. Sasa niambie nani angemngoja huyo kwa sahani ya agari.

Njia ya kuzunguka hili tatizo ilifunguliwa na Carl Woese pamoja na George Fox mwaka 1977, walipolinganisha RNA (molekuli inayonakiliwa kutoka kwa DNA) ya ribosomu, zile sehemu za seli zinazotengeneza protini, za viumbe mbalimbali wakaona kuna kundi zima la uhai, hao akea, lililokuwa limehesabiwa na bakteria kimakosa. Miaka ya themanini Norman Pace na wenzake wakauliza swali ambalo ukilisikia unashangaa kwa nini halikuulizwa mapema: kama jeni ya RNA hio inamtambulisha kiumbe, si tuitoe moja kwa moja kwa maji na udongo, tuache habari ya kukuza? Jo Handelsman na wenzake ndio wakaleta neno metajenomu mwaka 1998, wakizungumzia udongo.

Haya, vitu vitatu. Chukua matatu za mjini. Unaweza kusimama kando ya barabara usome namba tu, 45 Githurai, 111 Ngong, na ukishamaliza umejua ni ya wapi lakini hujui ndani imebeba nini. Kufungua kila mlango na kuandika mizigo yote ni kazi ya pili. Na kujua kama injini inanguruma ama gari limeegeshwa tangu juzi ni kazi ya tatu. Kwa vijidudu ya kwanza ni kusoma jeni moja ya utambulisho, ya pili ni kusoma DNA yote, ya tatu ni kusoma RNA. Ripoti nyingi za mito na udongo unazokutana nazo ni za aina ya kwanza, na watu wanazisoma kana kwamba ni za tatu.

Kabla ya yote lakini kuna sampuli, na hapa nitakaa kidogo juu matokeo mengi huharibikia hapa. Mto Nairobi unaanzia kule Ondiri, Kikuyu, unapita Chiromo, unapita Globe, Gikomba, unaelekea upande wa Dandora na Ruai hadi unaungana na Athi. Uchote wapi? Katikati mkondo unaenda kasi, pembeni kuna tope lililotulia ambalo halina oksijeni, na jamii ya vijidudu ya tope na ya maji juu yake hazifanani hata kama ni hatua moja kati yao. Asubuhi kabla watu hawajaanza kumwaga maji ni tofauti na jioni, na mvua ikinyesha usiku mto wote unabeba udongo na taka za barabarani na mitaro, unapima mtaa badala ya mto. Kwa hivyo mtu akikuonyesha matokeo ya chupa moja iliyochotwa siku moja, hajapima mto bado.

Maji unayapitisha kwa kichujio chenye matundu ya maikromita 0.22, seli zinabaki juu (virusi vingi vinapita chini na maji, kumbuka hilo). Kichujio ama tope linaingia kwa chupa ndogo ya plastiki yenye shanga ndogo ngumu na dawa ya kuyeyusha kuta za seli, alafu chupa inafungwa kwa mashine inayoitikisa kwa nguvu sana, shanga zinapasua seli. Ukiitikisa kidogo, wenye kuta laini wanapasuka na wenye kuta nene wanabaki wazima, DNA yao haitoki, na mwisho wa siku utaandika kwamba hawapo. Ukiitikisa kupita kiasi DNA nayo inakatika vipande vidogo vidogo. Hakuna kipimo kimoja kinachofaa kila mahali, kinachosaidia ni kutumia kile kile kwa sampuli zote ili angalau zilinganishwe.

Tope la mto pia lina ukaidi wake. Unamaliza kusafisha DNA unatarajia maji meupe, unapata kitu cha kahawia. Rangi hio ni asidi za humiki kutoka kwa majani na mimea iliyooza, na zinakizuia kile kimeng'enya cha PCR (njia ya kuzalisha nakala nyingi za kipande cha DNA) kufanya kazi, kwa hivyo mashine inakuambia hakuna DNA wakati imejaa tele. Watu huisafisha tena ama wanaizimua mara kumi wanajaribu upya. Na kila mara lazima kuwe na chupa tupu, isiyowekwa sampuli yoyote, inayopitia hatua zote kama zile nyingine, juu dawa za kutolea DNA zenyewe huja na DNA ya bakteria ndani, jambo lililoonyeshwa wazi mwaka 2014. Kwa tope la Gikomba lenye seli tele haisumbui sana, lakini kwa maji masafi ya kisima ama hewa ya chumba cha hospitali unaweza kuandika ripoti nzima kuhusu bakteria waliotoka kiwandani na dawa. Nikisoma kazi yoyote natafuta chupa tupu kwanza, na isipotajwa nasoma yaliyobaki kwa tahadhari kubwa.

Sasa njia ya kwanza. Bakteria na akea wote wana jeni inaitwa 16S, ndiyo ile ya RNA ya ribosomu, ya herufi za DNA kama 1,500, inayohusika na kutengeneza protini. Kuna sehemu zake ambazo karibu hazibadiliki kutoka kiumbe hadi kiumbe, na kati yake kuna sehemu 9 zinazobadilika. Praima, vipande vifupi vya DNA vya kuanzishia PCR, zinashika kwa zile zisizobadilika, PCR inazalisha nakala nyingi mno za kilicho katikati, mashine inasoma, kompyuta inalinganisha na hifadhi za jeni zilizokwisha kusomwa kama SILVA na kukuambia huyu ni wa familia gani. Ni bei nafuu, sampuli nyingi zinasomwa pamoja kwa mpigo mmoja, mwanafunzi anaweza kulinganisha mto mzima kutoka juu hadi chini. (Kile kimeng'enya cha PCR chenyewe asili yake ni bakteria aliyepatikana na Thomas Brock kwa chemchemi za moto za Yellowstone kule Marekani miaka ya sitini. Mtu alienda kuchunguza maji moto kwa hamu ya kujua tu, na leo hakuna maabara ya jeni inayoendeshwa bila hio kazi.)

Lakini angalia mipaka yake. Virusi havina 16S, kwa hivyo polio isingeonekana hapa hata ungesoma mwaka mzima. Na kwa kweli hata ungesoma DNA yote usingeiona, juu polio jenomu yake ni RNA. Kuvu nao hawana, wanahitaji kipande kingine kinaitwa ITS. Alafu kuna kitu kikubwa zaidi kwa mji kama wetu: 16S haiwezi kutenganisha Escherichia na Shigella, wamefanana mno kwa jeni hio, na mmoja anaweza kuwa mkaaji wa kawaida wa utumbo wako na mwingine anakuletea kuhara damu. Kipindupindu ni vivyo hivyo. Vibrio, kundi la bakteria ambalo wa kipindupindu wamo, wapo kwa maji ya kawaida duniani kote, na hata Vibrio cholerae wengi hawaleti kipindupindu, wanaoleta ni wale wenye jeni za sumu ctxA na ctxB, ambazo waliletewa na virusi vya bakteria. Ripoti ya 16S ikisema "Vibrio wamepatikana" haijakuambia kuna kipindupindu na haijakuambia hakuna. Haijaulizwa hilo swali. Mtu akiipeleka hio kwa mitandao na kichwa cha kutisha anawatia watu hofu bila sababu, na siku ya hatari yenyewe hawatasikia.

Kuna pia shida ya asilimia, na hii naomba uisome taratibu. Mashine haihesabu vijidudu walio kwa lita ya maji, inakupa mgao. Tuseme Chiromo kuna seli 100, za aina A ni 20, hio ni asilimia 20. Chini zaidi unaingia mtaro na kuongeza seli 100 za aina B. A bado ni 20 vile vile, hakuna aliyekufa, lakini sahii ni 20 kwa 200, asilimia 10. Mchoro utaonyesha A imeshuka nusu na mtu ataandika ati kemikali za mtaro zimeua A. Hazijaua yeyote. Ukitaka hesabu ya kweli lazima uhesabu seli kwa njia nyingine ama uweke kiasi unachokijua cha DNA ngeni kabla ya kuanza, uone imetoka ngapi. Ongeza kwamba bakteria mwingine ana nakala 1 ya 16S na mwingine ana 15, kwa hivyo wa pili anaonekana wengi kuliko walivyo. Na zile hifadhi za kulinganisha zimejengwa zaidi na sampuli za Ulaya na Marekani, ndio maana udongo na maji yetu yanarudisha "haijulikani" nyingi. Hao ambao hawajulikani ndio wanaonivutia mimi kuliko wote.

Njia ya pili ni kusoma DNA yote bila kuchagua jeni. Unaikata vipande vidogo, mashine za Illumina zinasoma kama herufi 150 kila upande wa kipande, mamilioni kwa mamilioni, na kompyuta inaanza kuunganisha vipande vinavyopishana. Jenomu ya E. coli peke yake ni herufi kama milioni 4.6, sasa weka maelfu ya aina pamoja, wengine wengi wengine wachache, wengine wanafanana asilimia 98. Vipande vikishaungana unavigawa kwa makundi ukiangalia mambo mawili, mtindo wa herufi zake (kila kiumbe kina mazoea yake ya jinsi herufi nne nne zinavyofuatana) na wingi wake kutoka sampuli hadi sampuli, kwa sababu vipande vya kiumbe kimoja hupanda na kushuka pamoja. Kundi likikamilika vya kutosha unaliita jenomu ya kiumbe, hata kama hujawahi kukiona.

Mwaka 2004 ulitoa kazi mbili ambazo ukiziweka pamoja unaelewa kila kitu kuhusu ugumu wa hii njia. Timu ya Jill Banfield ilisoma utando wa vijidudu kwa mgodi wa Iron Mountain, California, kwenye maji yenye asidi kali sana, pH chini ya 1, ambamo aina chache tu zinaweza kuishi, na kwa kuwa ni wachache wakapata jenomu karibu kamili za wawili kati yao. Craig Venter naye alisoma maji ya Bahari ya Sargasso, herufi zaidi ya bilioni 1, jeni zaidi ya milioni 1.2, makadirio ya aina zisizopungua 1,800, lakini nyingi zilibaki vipande. Mto Nairobi uko upande wa Sargasso, tena umechanganywa na kinyesi cha watu na mifugo, mafuta ya gereji, damu ya machinjio na udongo. Ndio maana mashine za kusoma vipande virefu zimebadilisha mambo, ile MinION ya Oxford Nanopore inatosha kwa kiganja na inachomekwa kwa laptopu, inasoma herufi maelfu kwa mkupuo, na kipande kirefu kinaziba mapengo ambayo vifupi viliacha. Zamani makosa yake yalikuwa mengi, yamepungua sana. Gharama sasa inabaki kwa dawa zinazoagizwa nje na kwa kompyuta kubwa ya kuunganisha, na kwa friza ya nyuzi 80 chini ya sifuri isiyovumilia stima kupotea wikendi.

Nairobi tayari tuna mfano wa hii njia ya pili. Mwaka 2019 ilichapishwa kazi iliyosoma DNA ya maji taka ya Kibera kufuatilia vimelea vya magonjwa, na mwaka huo huo ikatoka nyingine kubwa iliyolinganisha maji taka ya miji ya nchi 60 kwa ajili ya jeni za usugu wa dawa, zile zinazofanya antibiotiki zisifanye kazi. Matokeo ya hio kubwa yalinigusa sana. Usugu ulifuatana na hali ya usafi, afya na maisha ya watu kwa nguvu kuliko ulivyofuatana na kiasi cha antibiotiki kinachotumika peke yake. Kwa hivyo wanaosema suluhisho ni kumkaripia mama anayenunua dawa nusu dozi kwa duka la mtaani, wameona kipande tu. Choo na maji safi ni sehemu ya matibabu, na hio ni hoja ya bajeti ya kaunti, si ya mawaidha kwa maskini.

Hata hapo lakini soma kwa uangalifu. Jeni ya usugu ikipatikana kwa maji haijakuambia imebebwa na nani. Jeni hizi hupenda kukaa kwa plasmidi, vipande vya DNA vya mviringo ambavyo bakteria hupeana, hata wasio wa aina moja, na ukisoma vipande vifupi unaiona jeni peke yake bila mwenye nayo. Inaweza kuwa kwa bakteria wa udongo asiyemdhuru mtu, inaweza kuwa kwa bakteria wa magonjwa kama Klebsiella anayeenda wodini. Mtu wa hospitali anataka kujua hio tofauti kabla hajabadilisha dawa.

Na inaweza kuwa ya maiti. DNA hukaa. Seli ikifa DNA yake inashikamana na chembe za udongo inabaki siku, miezi, pengine zaidi, na utafiti wa mwaka 2016 ulikuta kwamba kwa udongo mbalimbali wastani wa asilimia 40 ya DNA iliyosomwa ilikuwa ya nje ya seli ama ya seli zisizo nzima. Hapo ndio tunafika kwa swali la tatu. Kiumbe kikitaka kutumia jeni kinaitengenezea RNA, na RNA nyingi za ujumbe za bakteria huvunjika kwa dakika chache, kwa hivyo ukiikuta unajua kazi inafanyika. Uzuri huo ndio ugumu wake. Ukichota chupa pale Globe ukaanza kupambana na jam hadi maabara, vijidudu vyako njiani vimeshakaa gizani bila hewa, vimebadilisha kazi, na unachosoma ni maisha ya ndani ya chupa. Lazima umwage dawa ya kuhifadhi ama ugandishe kwa nitrojeni ya maji pale pale kando ya mto. Alafu sehemu kubwa sana ya RNA unayopata ni ya ribosomu, unaiondoa kwanza ndio ubaki na ile kidogo unayoitaka. Ni ghali, inachosha, na wengi hawaifanyi, sawa tu, lakini asiyeifanya asiandike "bakteria hawa wanasafisha mto" wakati alichoona ni kwamba wana jeni za kusafisha.

Kuna kazi moja ya hapa hapa inayoonyesha kusoma jeni kunaishia wapi na ni nini hufuata. Watafiti wa icipe, ile taasisi ya wadudu iliyoko Kasarani, pamoja na wenzao wa nje, walichapisha mwaka 2020 kwamba ndani ya mbu wa Anopheles arabiensis wa Kenya kuna kijidudu walichokiita Microsporidia MB, na mbu wenye nacho hawakukutwa na vimelea vya malaria. Orodha ya DNA ingeishia hapo na watu wangeshangilia. Wao walirudi kwa mbu walio hai, wakawalisha damu yenye vimelea, wakaona kijidudu hicho kweli kinavizuia, wakaonyesha kinapita kutoka kwa mama hadi kwa watoto na hakimdhuru mbu kwa namna inayoonekana. Jeni zilionyesha mahali pa kutazama, mbu wakatoa jibu. Ningependa kuona mto wetu ukifanyiwa hivyo, mtu apate jeni za kuvunja mafuta chini ya gereji alafu arudi na tope hilo hilo, aliwekee mafuta, apime yanapungua kiasi gani kwa mwezi.

Nimalizie na jambo ambalo linazungumzwa kidogo mno. Maziwa yetu ya magadi, Bogoria, Magadi, Nakuru, Elementaita, maji yake ni ya pH 10 hivi, na viumbe vyake vina vimeng'enya vinavyofanya kazi mahali sabuni inafanya kazi, ndio maana viwanda vya sabuni na vitambaa vimevitamani tangu zamani. Bakteria waliochukuliwa huko walizaa biashara nje ya nchi na KWS, shirika la wanyamapori la Kenya, ikaja kulalamika hadharani kwamba Kenya haikupata haki yake. Tangu 2006 tuna kanuni zinazotaka kibali cha NEMA, mamlaka ya mazingira, kuchukua rasilimali za jeni, na Itifaki ya Nagoya, mkataba wa kimataifa wa kugawana faida ya rasilimali hizo, imekuwa ikitumika tangu Oktoba 2014. Lakini hizo ziliandikwa zikifikiria tope kwa chupa. Siku hizi hakuna haja ya kusafirisha tope, mtu anasoma DNA Juja ama Kabete, anapakia kwa hifadhi ya umma kama jarida linavyodai, na kampuni popote duniani inapakua ile jeni na kuitengeneza upya bila kukanyaga Bogoria. Mkutano wa bioanuwai wa Montreal, Desemba 2022, ulikubali kwamba faida ya data hizo igawanywe, na Februari 2025 ukazinduliwa Mfuko wa Cali, ambapo kampuni kubwa zinaombwa kuchangia asilimia 1 ya faida ama 0.1 ya mapato, na angalau nusu iende kwa jamii asilia na wenyeji. Zinaombwa tu, hazilazimishwi.

Kwa hivyo kama wewe ni mwanafunzi una sampuli kwa friza sahii, tafadhali jaza ile fomu ya maelezo vizuri unapopakia. Tangu 2023 hifadhi kubwa za kimataifa zinadai nchi na tarehe ya kuchota, lakini usiishie kwa "Kenya". Andika ni mto gani na upande gani wa daraja, latitudo na longitudo, saa, joto la maji, pH, kama ilinyesha usiku uliopita, namba ya kibali, kichujio cha ukubwa gani, dawa gani ilitoa DNA, na upakie ile chupa tupu pia.